Klipu za stenlesi za kufungia bati la ekzosi: ipi ya kuchukua Gerezani

Ule mlio wa "krrrr" chini ya gari asubuhi, injini ikiwa baridi, unaopungua gari likishapata moto, mara nyingi ni bati la kukinga joto linalocheza kwenye bomba la ekzosi. Bati lenyewe huwa zima. Kilichooza ni bolti zake za spana namba 10, au tundu la bolti limelika likatanuka. Kwa magari yanayolala Kigamboni au Msasani, kwenye upepo wa chumvi, bolti hizo ukizigusa na spana zinakatika. Dawa yake ni klipu ya skrubu, zile za mpira wa rejeta, lakini za maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, hazifanani.

Za zinki, zenye alama ya W1, zinang'aa kwenye boksi na ndizo rahisi. Achana nazo: zinki haivumilii joto la ekzosi, kutu ikiingia ukanda unakatika. Wanaponaswa wengi ni kwenye W2: ukanda ni stenlesi, skrubu ni chuma cha kawaida. Siku ya kukaza upya, skrubu imeganda. Chukua W4, ukanda na skrubu vyote stenlesi. Alama ikikosekana, nenda na kisumaku. Kikiing'ang'ania skrubu, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Upana mzuri ni milimita 12. Nyembamba zaidi zinakata bati. Kupata saizi, zungusha uzi kwenye bomba pamoja na bati, pima urefu wake, gawa kwa 3.14. Kwenye masega, yaani katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi, ambako ni panene, unganisha klipu mbili: mkia wa moja unaingia kwenye skrubu ya nyingine.

Fanya kazi ekzosi ikiwa imepoa kabisa, gari likiwa juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Gonga bati kwa ngumi kila sehemu mpaka lilie. Funga klipu hapo hapo, usibane waya wa sensa ya oksijeni, na skrubu itazame juu au ubavuni. Ikitazama chini, tuta la kwanza linaing'oa. Kaza mpaka bati lisicheze kwa mkono, ongeza nusu mzunguko, basi. Ukilikandamiza hadi liguse bomba umeua nafasi ya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Kata mkia uliobaki. Baada ya siku chache za foleni kagua tena, maana chuma kikipanuka na kusinyaa klipu hulegea kidogo.

Kuchomelea hakuishindi klipu hii. Bati ni jembamba, moto unalitoboa, na mara nyingi linapasuka tena pembeni mwa kiraka. Fundi akisema "tuling'oe tu", kataa: linakinga sakafu, waya, na kwenye magari mengine tangi la mafuta.

Bati la aluminiamu lililofungwa kwenye bodi halitaki klipu. Weka wosha pana ya stenlesi, tundu milimita 6, upana 25 au 30, ifunike tundu lililotanuka. Na ukigonga masega ukasikia kama kokoto zinacheza ndani, usinunue klipu. Yamevunjika, na vipande vyake vinaweza kuziba njia ya moshi.