Uzoefu wangu: Kuizunguka Unguja peke yangu kwa daladala

Ninachokitathmini hapa ni daladala za Unguja, zile zinazokwenda shamba (vijijini, nje ya mji), kama usafiri wa mtu mmoja anayetaka kukizunguka kisiwa bila gari ya kukodi na bila mtembezaji. Naanza na alama: nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya saa za jioni, nitaifikia.

Teksi ni ya haraka zaidi, lakini inakushusha mlangoni ukiwa humjui mtu. Kwenye daladala, unapofika kijijini tayari watu wanne watano wanajua umetoka wapi, unalala wapi na kesho unaelekea wapi. Kwa anayesafiri peke yake huo ndio ulinzi, na ndio starehe ya safari yenyewe.

Kosa linalowapotezea watu siku nzima ni kudhani kuna gari inayokizunguka kisiwa. Haipo. Njia za shamba zinatoka mjini na kutawanyika kama njiti za mwavuli, kila moja na namba yake. Kaskazini ni 116 ya Nungwi, 117 ya Kiwengwa na 118 ya Matemwe. Mashariki kati ni 206 ya Chwaka na 214 ya Uroa. Kusini ni 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu, 310 ya Makunduchi na 326 ya Kizimkazi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, kwa hiyo hakuna njia ndefu ya kutisha, ila foleni ya kutoka mjini na kusimama kila baada ya nyumba tatu huifanya safari ya Nungwi ichukue saa moja na nusu mpaka mbili.

Vituo vya kuondokea mjini vimekuwa vikihamishwa. Darajani, Kijangwani na Mwanakwerekwe vyote vitatajwa ukiuliza. Usiulize "stendi iko wapi", uliza "gari za Jambiani siku hizi zinapakia wapi?" Hapo utapata jibu la leo.

Namba mbili zinawachanganya sana wageni: 309 na 324. Zote hupita Paje, kisha zinaachana. Ya 309 inashuka kusini kwenda Jambiani, ya 324 inapanda kaskazini kwenda Bwejuu. Anayekwenda Paje apande yoyote iliyotangulia kujaa. Anayekwenda Jambiani akipanda 324 atashushwa Paje na kusubiri upya au kulipa bodaboda.

Sasa namna ya kuzunguka. Siri yote iko kwenye njia panda. Ukitoka Nungwi kwenda Matemwe huna haja ya kurudi mjini: panda 116 inayorudi, shuka Mkwajuni, vuka barabara usubiri 118. Kwa Kiwengwa shuka Kinyasini, usubiri 117. Kusini, njia panda ya kuijua ni Kitogani, mbele kidogo ya msitu wa Jozani. Hapo barabara ya Paje na ile ya Kizimkazi zinaachana. Ndiyo maana Jozani inafaa kuwekwa katikati ya safari: shuka asubuhi, watazame kima punju, kisha simama barabarani upande unaotaka na upungie gari inayokuja. Beba mkoba mdogo tu siku hiyo, kwa sababu gari ya njiani huwa imeshajaa, na mtu asiye na mzigo hupatiwa nafasi pale mwenye sanduku anapoachwa.

Pwani ya mashariki, kati ya Matemwe na Chwaka, lami ipo lakini daladala za kuambaa na pwani ni chache. Hapo nakwenda kwa bodaboda, kijiji hadi kijiji, napatana bei kabla ya kupanda. Ukishafika Uroa umetoka kwenye shida, kwa kuwa 214 inapitia Chwaka. Kutoka Chwaka kwenda upande wa Paje ndipo ramani inapodanganya. Michamvi, iliyo upande huo wa Paje, unaiona kwa macho ng'ambo ya ghuba, lakini barabara inakutaka urudi karibu na mjini, uchukue gari ya kusini Mwanakwerekwe, uende tena hadi pwani. Ni nusu siku. Wavuvi wa Chwaka wanaweza kukuvusha kwa chombo, lakini ghuba ina maji machache na ikipwa inabaki tope na majani, kwa hiyo ni lazima mpatane siku moja kabla na muondoke maji yakiwa yanajaa. Jambiani kwenda Makunduchi nayo barabara ipo, gari ndizo za kubahatisha. Bodaboda tena.

Kuhusu saa, kanuni yangu haivunjwi: saa 10 alasiri niwe nimefika ninapolala, au nimekaa ndani ya gari ya mwisho. Vijijini gari za kwanza huondoka alfajiri, zikiwahi soko na shule, na ndizo zenye kasi. Kadiri jua linavyoshuka, zinazorudi mjini zinapungua, na dereva anayeishi kijijini hana sababu ya kutoka tena. Ijumaa adhuhuri zinapotea kwa saa moja au zaidi kwa ajili ya sala, kwa hiyo usiwe njia panda kati ya saa 6 na saa 8. Ramadhani kuna msongamano mkubwa kabla ya futari, kisha barabara inanyamaza kabisa. Mchana wa mwezi huo usile wala usinywe ndani ya gari au njiani. Hata maji kunywa faraghani.

Ndani ya gari kuna adabu zake, na hapa ndipo upole wa watu unapofunguka au kufungika. Ukipanda, toa salamu kwa wote: "Asalaam alaykum." Mzee akiwa karibu nawe, "Shikamoo" kabla ya neno lolote. Kisha mwambie jirani unakoshukia. Naomba nisisitize: jirani, si utingo peke yake. Utingo ana abiria 20 na zaidi, nauli, magunia na mlango, atasahau. Mama aliyekaa ubavuni mwako hasahau. Ukikaribia utasikia sauti kutoka kiti cha nyuma, "Shusha hapo, yupo mgeni!", na aliyesema hujawahi kuzungumza naye. Habari yako imesafiri kimya kimya kutoka kiti hadi kiti. Mtu akiuchukua mkoba wako na kuuweka mapajani mwake usishtuke wala usiukumbatie. Anakupunguzia kazi, kama utakavyopewa wewe mtoto wa mtu umpakate mpaka mama yake apate pa kukaa.

Swali baya kuliko yote ni "Gari hii inafika Nungwi?" Wengi hawapendi kumwambia mgeni "hapana", utapata ndiyo ya heshima. Uliza hivi: "Gari hii mwisho wake wapi?" Mtu hawezi kuwa mpole akakutajia kijiji kisichokuwapo.

Nauli ya njia ndefu ni chini ya shilingi 5,000, na njia za mjini ni pungufu sana ya hapo. Hupewi risiti na hakuna haja ya kubishana. Tazama jirani analipa ngapi, au muulize mapema, "Hadi Kitogani wanachukua ngapi?" Toa kiasi kamili. Tatizo la kweli ni noti ya 10,000: utingo hana chenji asubuhi, anakuambia subiri, na unashuka wote wawili mmesahau. Vunja pesa mjini, uwe na noti za 1,000 na 2,000 za kutosha siku mbili tatu. Paje na Nungwi kuna mashine za benki, ila vijiji vingi vilivyobaki usitegemee, ingawa wakala wa pesa za simu wapo karibu kila mahali.

Mzigo. Gari za shamba zilizobaki na bodi ya mbao zina keria juu, na begi lako litakaa pamoja na mchele, ndizi, baiskeli na ndoo ya samaki. Ndoo huvuja. Maji ya samaki yanateremka taratibu kwenye pembe ya begi, na ukifika unayasikia kabla hujayaona. Ingiza nguo zote kwenye mfuko wa plastiki mzito ndani ya begi, kisha funga. Pande za Paje na Jambiani huenda jirani wa begi akawa gunia la mwani mkavu. Huo haudhuru, unaacha harufu ya bahari tu na mchanga.

Jambo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote, lakini linatawala safari ya pwani ya mashariki, ni maji. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yanapwa sana kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Bahari inakimbia mpaka mwambani na mtu anatembea kilomita nzima bila kulowa magoti. Siku za maji mafu ni kinyume, na tofauti ni ndogo. Huhitaji programu ya simu. Muulize yeyote kijijini, "Leo mwezi ngapi?" Akikujibu mwezi mosi au kumi na tano, ujue ni bamvua: asubuhi ya kutembea mchangani, alasiri ya kuogelea. Kutoka Nungwi hadi Kendwa kwa ufukweni panapitika maji yakiwa yamepwa tu. Yakijaa yanafika kwenye mawe na utakwama katikati. Vaa viatu vya plastiki, kwa kuwa kwenye miamba kuna wanyama weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyayo.

Maji yakipwa ndipo utakapowaona akina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani kwenye mashamba ya mwani. Wamefunga vipande kwa kamba nyembamba, kamba imevutwa kati ya vigingi viwili, na mama ameinama, maji yakiwa chini ya magoti. Hiyo ni kazi yenye saa chache tu kabla maji hayajarudi. Usiwapige picha kutoka mbali. Pita pembeni ya kamba, usizikanyage, salimia, na usubiri. Akitaka mazungumzo ataanza yeye, na mara nyingi ataanza.

Vijijini watu hukaa barazani jioni, na kupita kimya mbele ya baraza ni kama kumpita mtu sebuleni kwake. Salamu moja inatosha. Ukiwakuta wanakula utaambiwa "Karibu!" Mara ya kwanza jibu "Starehe" na uendelee na njia yako. Ukikaribishwa mara ya pili na ya tatu, mtu ameinuka kukupisha, hapo kaa, nawa, ule japo matonge mawili. Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi Julai, kuwa na mgeni nyumbani ni jambo la heri na kumkosa ni mkosi, kwa hiyo anayekuita hakufanyii kwa adabu tu. Siku hizo 310 zinajaa kupita kiasi. Nenda siku moja kabla. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanatosha mjini na vijijini, nguo za kuogelea zibaki ufukweni.

Papasi, yaani vijana wanaowaandama wageni wakiwauzia safari na huduma, ni habari nyingine, na ni haki kuwatenganisha na wenyeji wa kwenye gari. Wapo Forodhani, bandarini na fukwe za Nungwi. Wao huanza na swali la unatoka wapi, wenyeji huanza na salamu. Mjibu papasi kwa upole, "Ahsante, ndugu yangu, nimeshapanga," bila kusimama. Ukisimama mazungumzo yameanza.

Kizimkazi kuna mbili, Dimbani na Mkunguni, na 326 unapaswa kuiambia ni ipi. Msikiti wa kale uko Dimbani, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Usiingie mwenyewe. Muulize mtu wa karibu nani mwenye ufunguo, vua viatu, na acha sadaka.

Masika, kati ya Machi na Mei, nyota zangu nne zinashuka kuwa tatu. Maturubai ya pembeni yanashushwa, ndani kunakuwa na joto, na njia za udongo za kuingilia fukweni zinajaa maji. Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, ndipo safari ya gari ya wazi inapopendeza zaidi.

Siku ya kurudi bara usitoke shamba kwa daladala ukitegemea kuiwahi boti. Gari itasimama kupakia magunia, na boti haimngoji mtu. Rudi mjini jana yake, ulale karibu na mtaa wa Malindi, na asubuhi utembee kwa miguu hadi bandarini ukiwa na tiketi na kitambulisho mkononi.