Stoke Bruerne, kijiji cha mfereji: uzoefu wangu

Kwa wale mlioko Uingereza maeneo ya Northampton na Milton Keynes, kila siku mnauliza wageni wakitoka nyumbani muwapeleke wapi wikendi, mimi nasema Stoke Bruerne na nasema kwa moyo wote. Ni kijiji kidogo kwenye mfereji wa Grand Union, njia ya maji iliyochimbwa zamani kwa ajili ya boti za mizigo, kwa gari kutoka Northampton ni karibu tu, kukizunguka ni bure, hela yako itaenda kwenye makumbusho na boti ya watalii ukitaka kupanda.

Kilichonishika ni majengo yenyewe. Simama pale kwenye loki ya juu kabisa, loki ni kile chumba cha maji chenye mageti, boti inaingia, geti linafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa au yanapunguzwa mpaka boti ipande au ishuke, na hapo zipo saba zinafuatana kuteremka upande wa kusini. Ukiangalia huku unaona Boat Inn, baa ya mawe yenye paa la nyasi (watu wa pwani mtasema makuti lakini siyo), familia moja wanaiendesha tangu 1877, ukiangalia ng'ambo unaona kinu cha zamani cha nafaka, tofali tupu, ghorofa juu ya ghorofa, ndiyo makumbusho ya mfereji tangu 1963. Hakuna kilichojengwa hapo bahati mbaya, yote yalifuata maji na mizigo.

Makumbusho lipieni jamani, msiishie nje kupiga picha. Humo utaona kile chumba cha nyuma cha boti ambamo familia nzima ilikuwa inaishi, urefu kama mita tatu, upana mita mbili, jiko la makaa, kitanda kinakunjwa kinaingia kabatini, na kila mahali wamechora maua na majumba ya kifalme kwa rangi kali. Mtu alizaa na kulea humo huku anasafirisha makaa ya mawe! Na pia kuna habari za Sista Mary Ward, nesi aliyekuwa anaishi hapohapo kijijini akiwatibu watu wa boti miaka mingi, watu ambao leo wako hapa kesho wameshaondoka, daktari wa kudumu watampata wapi. Mimi hapo nilisimama muda mrefu.

Halafu sasa handaki. Wengi wanakula chipsi, wanaangalia bata, wanaondoka, wanakosa kitu kikubwa kuliko vyote. Fuata njia ya kando ya mfereji kwenda kaskazini, ni mwendo mfupi tu, utafika mdomo wa handaki la Blisworth, mita 2,813 chini ya kilima. Jaribio la kwanza la kulichimba maji yaliwashinda, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mizigo ilishushwa kutoka kwenye boti ikavushwa kilima kwa mabehewa ya kukokotwa na farasi, ikapakiwa tena upande wa pili, mpaka handaki likafunguliwa 1805. Boti enzi hizo zilivutwa na farasi anayetembea kando ya mfereji, na ndani ya handaki hakuna njia ya farasi, yaani farasi alizungushwa juu ya kilima, huku chini wanaume wamelala chali kwenye mbao wanasukuma kuta kwa miguu ili boti isogee, giza totoro, hivyo hivyo mpaka watokee Blisworth, kijiji cha upande wa pili. Kazi hiyo ilipungua boti za mvuke zilipoanza kuvuta nyingine miaka ya 1870. Ukipanda ile njia ya farasi utaona mashamba yametulia na katikati minara ya tofali imechomoza, ni matundu ya hewa ya handaki, uko juu yake.

Upungufu upo. Jua likiwaka wikendi watu wanajaa na paking inakuwa shida, fikeni asubuhi. Basi za huko ni za kubahatisha, bila gari itakusumbua. Njia ya kilimani mvua ikinyesha ni tope, vaa buti. Wenye watoto wadogo washikeni mkono kwenye loki, kingo ziko wazi na maji ni marefu. Majira ya baridi angalieni kwanza saa za makumbusho kabla hamjatoka, zinabadilika.

Mimi naipa nyota tano, na mama akija mwakani nampeleka huko kabla ya London.