Kolesteroli ya kurithi: kupima chokaa au kupiga picha ya mishipa?

Takriban mtu 1 kati ya 250 amerithi kolesteroli ya juu, na mishipa yake huanza kushika mafuta tangu utotoni. Kwa CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kompyuta), moyo wake unaweza kuchunguzwa kwa njia mbili.

Kipimo cha chokaa, yaani kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, chenye alama ya Agatston (namba inayoonyesha wingi wa chokaa hiyo) iliyotangazwa mwaka 1990, ni chepesi: hakuna sindano, mionzi ni kidogo, dakika chache umemaliza. Alama inayozidi 400 ni hatari kubwa. Lakini chokaa ni kovu la zamani. Kijana wa miaka 28 anaweza kupata sifuri ilhali mafuta laini, ambayo ndiyo hupasuka ghafla, yapo. Tena statini, dawa za kushusha kolesteroli, huweza kuipandisha alama kwa kuyafanya mafuta hayo kuwa magumu, na mgonjwa akadhani dawa imemshinda!

CT yenye dawa ya iodini huonyesha mafuta laini na mahali mshipa ulipobana. Ni ghali zaidi, na mwenye figo dhaifu ajihadhari.

Kufuatilia ugonjwa, ningechagua hii ya pili, ila si kila mwaka. Ile ya kwanza inamfaa mtu mzima asiye na dalili, anayetaka kujua hatari yake.