Uzoefu wangu: kusoma nyaraka za akina Campbell wa Breadalbane, Edinburgh

Huduma hii naipa alama zote, na nitaeleza kwa nini. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uskoti imo katika jengo alilolichora Robert Adam, na kusoma pale ni bure. Unajiandikisha, unaagiza furushi kwa namba yake ya katalogi, unakaa mezani na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi. Mimi niliifuata GD112: karatasi za akina Campbell wa Glenorchy, waliopata cheo cha Earl wa Breadalbane mwaka 1681 na kumiliki ardhi kubwa kandokando ya ziwa la Loch Tay.

Wengi hukimbilia hati za kifalme zenye lakiri. Ni nzuri kwa macho, lakini zimeandikwa kwa Kilatini na maneno yake yanajirudia. Nakushauri uanze na madaftari ya kodi. Humo ndimo walimo wakulima: nani alilima wapi, alitoa nafaka kiasi gani, kondoo, kuku, siagi. Mwenye shamba ana picha zake ukutani. Mkulima huyu pengine hana kumbukumbu nyingine duniani ila mstari huo mmoja. Kodi na riba zilifuata misimu miwili, Mei na Novemba, kwa hiyo ukiizoea mapema, tarehe zinasomeka zenyewe.

Hati za madeni ndizo zilizonishika zaidi. Mkopaji alitia saini pamoja na wadhamini wake, na deni likilipwa hati ilirudishwa kwake, mara nyingi saini ikiwa imechanwa. Ndiyo maana makasha ya ukoo yamejaa madeni yaliyokwisha! Ukiona rundo la hati hizo usidhani umeuona mzigo wote wa familia. Deni lililobaki lilikaa kwa mdai.

Kisha kuna rehani waliyoiita wadset. Mkopeshaji anachukua ardhi, mapato yake yanakuwa ndiyo faida yake, na mwenye ardhi anabaki na haki ya kuikomboa. Mara nyingine mwenye ardhi aliikodi tena ardhi yake mwenyewe kutoka kwa mkopeshaji. Msomaji anayejua bei ya khiyari, yaani kuuza kwa sharti la kuweza kukomboa, ya mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba ataelewa mara moja.

Jihadhari na fedha. Katika karne ya 17 paundi ya Uskoti ilikuwa sehemu moja ya 12 ya paundi ya Uingereza, na merk ilikuwa theluthi mbili ya paundi hiyo ya Uskoti. Kwa hiyo merk 1,000, deni linalotisha ukilisoma, ni kama paundi 55 tu za Uingereza.

Mwandiko wa makarani wa karne ya 16 na 17 ni mgumu kwelikweli. Fanya mazoezi nyumbani kabla ya kwenda. Masomo yapo bure mtandaoni, na kamusi ya Kiskoti pia. Usiende bila hayo, utapoteza siku nzima kwenye ukurasa mmoja.

Na ukikutana na rehani ambayo mwisho wake haumo ndani ya furushi, uliza rejista ya Sasines, yaani daftari la umma la haki za ardhi. Ilianzishwa mwaka 1617, na haki za kukomboa ardhi zilisajiliwa humo pamoja na hati za umiliki, kwa hiyo unaweza kuendelea kufuatilia shamba hata pale karatasi za familia zinapokoma.