Kamera za kupigia picha ndege wa Ziwa Kivu: ununue ipi kwanza

Wengi wanaoanza kupiga picha ndege wa maji hapa Bukavu huuliza lenzi gani inavuta mbali kuliko zote. Ukiwa ndani ya mtumbwi, swali hilo litakupotezea pesa. Umbali unaweza kuupunguza kwa kasia, mtikisiko huwezi. Mnandi anayekausha mbawa juu ya jiwe, au kulasitara aliyesimama kwenye matete, mara nyingi humvumilia mpiga kasia anayekuja polepole kwa ubavu. Kinachomrusha ni mngurumo wa mota na mtu anayesimama ghafla. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia wepesi na utulivu mkononi, kisha ndipo uvutaji.

1. Kamera ya lenzi za kubadilisha, iliyotumika, na lenzi ndogo ya kuvuta

Kwa Canon tafuta EF-S 55-250mm IS STM iliyotoka 2013. Ina gramu 375 tu, na kwenye kamera kama EOS 700D au 200D ile milimita 250 huvuta kama 400 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Herufi IS ndizo unazozilipia: ndani ya lenzi kuna kioo kinachosogea kupingana na mtetemeko wa mkono. Kwa Nikon chukua AF-P DX 70-300mm VR (VR ndiyo IS ya Nikon), gramu 415, ambayo hufikia kama 450.

Kwa hiyo ya Nikon fungua macho. Ana pacha asiye na VR, sura ileile, na muuzaji anaweza kukupa huyo bila hata kujua. Soma mwenyewe maandishi kwenye lenzi. Tena lenzi za AF-P hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90, D3100 na D5100, hata ukinunua kwa bei nzuri namna gani.

Kabla ya kutoa dola, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotambaa kwenye kioo, hiyo ni kuvu. Rudisha, usishawishike na punguzo. Kisha ifunge kwenye kamera, vuta hadi mwisho, bonyeza kitufe nusu huku ukichungulia. Picha iliyokuwa inacheza inapaswa kutulia hapohapo. Isipotulia, kiimarishi kimekufa.

2. Kamera ya zumu isiyotoka

Canon PowerShot SX70 HS (21 hadi 1365) na Nikon Coolpix P950 (24 hadi 2000) zinafaa kwa asiyetaka kubadilisha lenzi huku maji yanarukia. Ila kihisi chake, yaani kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni kidogo sana, na asubuhi ya mawingu picha hujaa chengachenga. Usivute hadi mwisho: ukifika 2000, wimbi dogo tu linamtoa ndege kwenye fremu.

Mwenye mfuko mzito aangalie Sony RX10 IV ya 2017, yenye kihisi kikubwa zaidi na lenzi ya 24-600. Ilitoka kwa dola 1,700 hivi. Kama isingekuwa bei, ningeiweka juu kabisa.

3. Sigma au Tamron 150-600mm

Ni lenzi nzuri sana, lakini ni za nchi kavu. Sigma Contemporary ina gramu 1,930, na mikono itachoka kabla ndege hajaruka. Tripodi haisaidii, kwani inakuletea mtikisiko wote wa chombo. Halafu mpaka na Rwanda unapita ndani ya maji haya, na bomba kubwa namna hiyo huvuta macho ya askari. Omba ruhusa kwanza, na bandari usiielekezee lenzi yoyote.

4. Nikon P1000

Uvutaji wa 3000, kilo 1.4, na mwisho wa zumu tundu la mwanga linabaki dogo, f/8. Mtumbwini haifai. Lenzi za kubana kwenye simu ziko chini yake zaidi.

Lakini kabla ya yote hayo, nunua jile ya kuokolea. Oktoba 2024 boti Merdi ilizama karibu na Kituku, Goma, na familia nyingi bado zinalia. Hakuna picha ya ndege inayostahili kufuatwa bila jile. Baada ya hapo nunua mfuko usiopitisha maji, kamba ya shingoni na batri ya pili.

Toka alfajiri, saa walobaji (wavuvi) wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaporudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Mdiria mweusi-mweupe anapenda samaki wadogo kama hao. Husimama hewani akipiga mbawa, kisha anajitupa. Kwa huyo weka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ijipange yenyewe, upigaji wa mfululizo. Kwa ndege waliotulia 1/1000 inatosha, mradi mota imezimwa. Jua hutokea upande wa Rwanda, basi liache mgongoni na uelekeze lenzi kwenye ufuko wa Bukavu: mwanga utampata ndege usoni, na mpaka utakuwa nyuma yako.