Lizi ya krosova mpya Marekani: njia 5, kuanzia ya kuifuata hadi ya kuikimbia

Lizi ni kulikodi gari kwa miezi na maili zilizopangwa, kisha kulirudisha. Muuzaji wa magari Marekani atakuuliza swali moja kabla hujakaa vizuri: unataka kulipa ngapi kwa mwezi? Usilijibu. Ukitaja dola 400, atakushonea mkataba wa dola 400 kwa kurefusha miezi, kupunguza maili au kukuongezea kianzio (pesa ya kutanguliza), na bei ya gari haitaguswa. Kwenye lizi kinachopatanwa ni bei ya gari, sawasawa na mtu anayelinunua. Malipo ya mwezi yanatoka kwenye hesabu, na hesabu hiyo unaweza kuipiga mwenyewe kwa simu.

Ina namba tatu. Ya kwanza ni bei ya mkataba: bei mliyopatana, pamoja na ada zilizoingizwa ndani. Ya pili ni thamani ambayo gari linakadiriwa kubaki nayo siku ya kulirudisha. Wenyewe huiita rezidyuo, nayo ni asilimia ya bei ya kibandiko cha dirishani, yaani bei anayopendekeza mtengenezaji. Hupangwa na kampuni ya fedha inayomiliki gari, kwa hiyo usipoteze pumzi kuibishania. Ya tatu ni mani fakta, yaani riba iliyovaa nguo nyingine: namba ndogo kama 0.00200. Izidishe kwa 2,400 upate asilimia ya mwaka, hapa 4.8. Anayekwepa riba kwa sababu ya dini asitulizwe na mkataba kuiita gharama hiyo kodi ya kutumia gari. Ni bora amwendee sheikh wake akiwa na namba hizo mkononi.

Chukua krosova (gari lililoinuka kidogo, umbo kama SUV) yenye kibandiko cha dola 34,000. Umepatana 32,000, na ada ya kufungua mkataba ya 695 imeingizwa ndani, jumla 32,695. Rezidyuo ni asilimia 60, yaani 20,400, kwa miezi 36. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa 36: dola 341.53 za kushuka thamani. Kisha jumlisha bei ya mkataba na rezidyuo, zidisha kwa mani fakta: 53,095 mara 0.00200, dola 106.19. Kwa mwezi ni 447.72 kabla ya kodi ya mauzo, bila kianzio.

Sasa tikisa hizo namba. Kila dola 1,000 unazopunguziwa kwenye bei hushusha mwezi kwa karibu dola 30. Rezidyuo ikiwa asilimia 55 badala ya 60, mwezi unapanda karibu dola 44, ndiyo maana gari la bei ndogo zaidi kwenye kibandiko huweza kukugharimu zaidi kwenye lizi. Na muuzaji akiongeza 0.0004 kwenye mani fakta, jambo ambalo kampuni nyingi za fedha humruhusu, amekuchota dola 21 kila mwezi, zaidi ya 760 kwa mkataba mzima, bila wewe kuona chochote. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inayolinda wenye lizi inataka mkataba uonyeshe jumla ya gharama ya fedha, lakini haimlazimishi mtu kuandika mani fakta. Itafute mwenyewe: jumla hiyo gawa kwa miezi, kisha gawa kwa bei ya mkataba pamoja na rezidyuo.

Tukishaelewana hapo, njia zenyewe ni hizi.

Ya kwanza, na ndiyo ya kuanzia kwa watu wengi: lizi ya kampuni ya fedha ya mtengenezaji mwenyewe, miezi 36, maili 10,000 au 12,000 kwa mwaka, bila kianzio. Kampuni hizo ndizo hupewa mani fakta iliyoshushwa ili kusukuma magari, na mara nyingi mkataba wao hukinga pengo lile la bima (gari likiharibika kabisa, bima hulipa thamani ya sokoni, nayo huweza kuwa chini ya deni). Hakikisha kinga hiyo imeandikwa. Miezi 36 haikuchaguliwa ovyo. Dhamana ya msingi ya Toyota, Honda, Subaru na Mazda ni miaka 3 au maili 36,000, hivyo gari linarudi kabla hujaanza kulipia matengenezo makubwa. Ukipewa miezi 39 au 42 kwa sababu inashusha malipo, kumbuka ile miezi ya mwisho utaendesha nje ya dhamana, pengine na matairi mapya juu. Hyundai na Kia hutoa miaka 5 au maili 60,000, kwao hofu hiyo ni ndogo.

Ya pili ni hiyohiyo ya kwanza, ila unaweka amana kadhaa zinazorudishwa, na kila amana inashusha mani fakta kidogo. Toyota na Lexus ni miongoni mwa waliowahi kuiruhusu, si kila jimbo. Ukiwa na akiba iliyolala benki bila kazi, hapa inafanya kazi. Ukiwa huna, usikope kwa ajili yake.

Ya tatu, kulipa lizi yote kwa mkupuo. Riba hushuka, na mtu mwenye historia fupi ya mkopo huweza kukubaliwa mahali ambapo angekataliwa. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: gari likiharibika kabisa mwezi wa nne, pesa yako iko kwao. Soma kipengele cha kurudishiwa kabla ya kutoa hundi.

Ya nne, kurithi lizi ya mtu anayetaka kutoka kwenye mkataba wake. Inafaa kwa anayehitaji gari kwa mwaka mmoja hivi. Gawa maili zilizobaki kwa miezi iliyobaki kabla ya kushangilia bei: nyingi zimeshaliwa. Uliza pia ada ya uhamisho, na kama kampuni ya fedha inaruhusu uhamisho wenyewe.

Ya mwisho ni ile ya tangazo la televisheni: dola 299 kwa mwezi, na kwa maandishi ya sisimizi, dola 3,999 siku ya kusaini. Malipo ya kwanza yakiwa yamo ndani yake, jumlisha 3,999 na 299 mara 35, gawa kwa 36. Unapata karibu 402, na bado kodi. Ubaya wa kianzio kwenye lizi hauko kwenye hesabu tu. Gari likigongwa likafa wiki ya pili, bima hulipa kampuni ya fedha, na kianzio chako kwa kawaida hakirudi.

Kuhusu gari gani: RAV4, CR-V na Forester hushikilia thamani, kwa hiyo rezidyuo zao huwa nzuri, lakini muuzaji hana haraka ya kupunguza bei. Rogue, Tucson na Equinox huwa kinyume: rezidyuo chini, punguzo za kiwandani juu. Hakuna mshindi wa kudumu, kwani ofa za kampuni za fedha hubadilika karibu kila mwezi. Piga hesabu kwa magari matatu kila mara. Yale ya umeme yalikuwa na msaada wa serikali ya shirikisho wa dola 7,500 ulioingizwa kwenye lizi. Uliisha tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo mifano ya bei ya kabla ya hapo isikupe tamaa.

Kabla ya kuongea na yeyote, ingia kwenye jukwaa la Edmunds, tovuti ya ushauri wa magari, taja gari, toleo lake, miezi, maili na msimbo wa posta wa eneo lako, uombe mani fakta ya msingi na rezidyuo ya mwezi huo. Kisha waandikie baruapepe wauzaji 5 au 6 kuhusu gari moja, toleo moja, ukiomba mambo manne: bei kabla ya punguzo za kiwandani, punguzo zilizopo, mani fakta wanayotumia, na orodha ya ada zote. Asiyetaka kuandika namba, mwache. Bei ya chini kabisa mpelekee mwingine aishinde. Siku za mwisho za mwezi husaidia, na gari la mwaka wa modeli unaoisha husaidia zaidi, ilimradi rezidyuo yake haijashushwa. Angalia pia punguzo zenye masharti: la mhitimu wa chuo wa karibuni, la mwanajeshi, la mwenye gari la kampuni hiyohiyo. Matangazo huzijumlisha zote kwa pamoja kana kwamba kila mtu anazistahili.

Ada ya makaratasi hutofautiana sana. California imefungwa kwenye dola 85, Florida huweza kukaribia 1,000. Kodi nayo ina mambo yake: majimbo mengi hukata kwenye kila malipo, Ohio na New York hukata ya malipo yote mwanzoni, na Texas hutoza asilimia 6.25 ya bei ya gari zima. Wa Houston asijilinganishe na wa Los Angeles. Ofisini kwa mtu wa fedha wa duka hilo utauziwa nitrojeni ya matairi, rangi ya kinga na dhamana ya nyongeza. Kwenye gari utakalorudisha ndani ya dhamana, kataa zote. Na usisaini ukidhani una siku 3 za kubadili mawazo. Sheria ya shirikisho haikupi siku hizo kwa gari ulilosainia dukani.

Wanaoendesha Uber au Lyft waishie hapa. Mikataba mingi ya lizi inakataza kubeba abiria kwa malipo, na hata ule usiokataza utakumaliza kwa maili: kila maili ya ziada ni senti 15 hadi 25, hivyo maili 10,000 za ziada kwa senti 20 ni dola 2,000.

Miezi miwili au mitatu kabla ya mwisho, omba ukaguzi wa awali, ambao aghalabu ni bure. Fundi wa mtaani atanyoosha mbonyeo kwa bei ndogo kuliko watakayokutoza wao. Pima matairi: chini ya inchi 1/8 ya meno, utadaiwa. Ada ya kurudisha gari, aghalabu dola 350 hadi 495, mara nyingi hufutwa ukichukua jingine la kampuni ileile. Na kabla hujakabidhi ufunguo, linganisha rezidyuo na bei ya sokoni. Gari likiwa na thamani zaidi ya rezidyuo, linunue kwa bei hiyo, au lipeleke kwa muuzaji wa chapa hiyohiyo ukakatiwe tofauti kwenye gari lijalo, kwa sababu kampuni nyingi sasa haziruhusu mtu wa nje kulinunua kutoka kwako.