Krita na brashi ya mkono: uzoefu wangu wa kuchora dhahania hapa Kigoma

Niseme mapema: kama unatafuta programu ya kukutengenezea picha ubaki kubonyeza tu, hii siyo. Krita ni programu ya kuchorea kwenye kompyuta, na mimi naitumia kuamulia. Kazi yenyewe inamalizikia kwenye kitambaa.

Nachora dhahania, na mara nyingi chanzo ni mwalo wa Kibirizi asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa: ule mng'ao wa fedha, vivuli vya wanaopita katikati, mabaka ya mchanga. Dagaa siwachori, nachukua mpangilio wa mwanga. Kitambaa ni marekani, nakikaza kwenye fremu ya seremala, napaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, kikikauka napitisha msasa. Baada ya hapo ni rangi ya akriliki.

Akriliki tulioizoea tunaijua tabia yake. Inakauka upesi, na ikikauka inakoza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Ukishapiga bluu mahali pasipo pake, dawa ni kufunika, na kufunika kunakula rangi ambayo huku kwetu si kila duka unaikuta. Ndiyo maana kazi ikifika katikati naitoa nje kivulini, naipiga picha kwa simu, naifungua kwenye Krita na kuweka tabaka mpya juu yake, yaani kama karatasi angavu unayochorea bila kugusa picha ya chini. Tabaka moja nalipa mstari mwekundu kama mawese, jingine naliacha wazi, nawasha na kuzima hadi nijue ninachotaka. Tabaka likiwekwa kwenye ile hali iliyoandikwa Multiply, rangi ya juu inaitia giza ya chini bila kuificha, karibu sawa na akriliki iliyozimuliwa maji. Halafu kuna kitufe cha M! Ukikibonyeza picha inageuka, kushoto inakuwa kulia, na hapo hapo unaona upande gani umelemea. Kwa hicho kitufe peke yake ningeipakua.

Bei? Kwenye tovuti yao ni bure kabisa. Ukiiona kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam au Microsoft inauzwa, usishtuke, ni programu ileile na hela inawasaidia wanaoiunda. Ipo ya Windows, Linux, Mac na tableti za Android. Faili la A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, na tabaka zikirundikana kompyuta yenye RAM ndogo inahema. Kwa majaribio nusu ya hapo inatosha.

Kibao changu cha kuchorea ni cha bei ya chini, hakina skrini, kalamu yake haihitaji betri. Kwa dhahania hakina neno. Anayechora sura za watu atapata taabu, macho yako kwenye kompyuta na mkono uko mezani.

Kuchapisha ndiko kusikonifurahisha. Kijani cha kuwaka na bluu kali unazoziona kwenye skrini, wino wa printa hauna uwezo wa kuzitoa. Karatasini zinatoka zimefifia. Kwa hiyo nachapisha nyeusi na nyeupe tu, vipande vipande, nabandika kwenye kitambaa na kupaka juu yake kwa mkono. Ukienda steshenari uliza kwanza aina ya printa. Ile ya wino wa maji, ukipitisha gundi mbichi, wino wake mara nyingi unatapakaa. Ya leza inatumia tona, unga unaoyeyushwa kwa joto ukashika karatasi, na hata ukilowana hauchuruziki.

Wateja wengine wakisikia nimetumia kompyuta wanaomba niwachapishie nakala ya kazi waliyoiona ukutani. Nakataa. Faili lililobaki halifanani na kitambaa: limejaa mistari niliyoikataa, na rangi za mwisho zote ziliingia kwa brashi.